Hela ya mafuta kwanza: mbwa anayezidiwa usiku Arusha ni mzigo wa nani?

Ukikaa na watu wanaofuga mbwa au paka Arusha, haichukui muda mazungumzo yakafika kwenye simu ya usiku. Mbwa anatapika na kutetemeka, unampigia daktari wa mifugo saa tano usiku, na kabla hajauliza mgonjwa ana hali gani anakuambia utume kwanza hela ya mafuta. Wenye wanyama wanaliona hilo kuwa ukatili. Madaktari wanasema ndivyo kazi ilivyo, na wana hoja. Mimi ni wa upande wa wenye mbwa, silifichi hilo, lakini kwa kuwasikiliza wote nimefika hapa: daktari ana haki ya kudai hela kabla ya kuwasha pikipiki. Hana haki ya kuzuia ushauri mpaka hela iingie.

Mtoto akizidiwa usiku, mlango wa Hospitali ya Mount Meru uko wazi, na Moshi ipo Hospitali ya KCMC. Mbwa akizidiwa, wengi wetu tegemeo letu ni namba ya simu ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa kazini mchana kutwa, na kazi yake kubwa si mbwa. Awe amesoma miaka 5 SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, au amepita LITA Tengeru, chuo cha mifugo, ameandaliwa kwanza kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa sababu ndiyo mifugo inayobeba maisha ya watu. Kwenye miteremko ya Meru, kama ilivyo Kilimanjaro, ng'ombe wa maziwa hufugwa ndani na kukatiwa majani, na ng'ombe mmoja anayeshindwa kuzaa saa saba usiku kule Nkoaranga ndiye ada ya watoto wa nyumba nzima. Simu mbili zikiingia kwa pamoja, moja ya ndama aliyekwama na moja ya mbwa anayeharisha Njiro, daktari ataenda kwa ng'ombe. Simlaumu. Ila amwambie mwenye mbwa hivyo, atafute mwingine. Kuachiwa ile sauti ya "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa" wakati mnyama anakata roho mbele yako ni jambo lisilosahaulika.

Dharura inayoonyesha ugumu wa pande zote ni sumu. Nani hapa mjini hajasikia habari ya nyama iliyorushwa juu ya ukuta, mbwa wakanyamazishwa kabla wezi hawajaingia? Zipo pia ajali za kawaida: mbwa kala panya aliyekufa kwa sumu, au kalamba dawa ya kupulizia nyanya iliyoachwa uani. Sokoni kipaza sauti kinatangaza kutwa dawa ya panya, mende na kunguni, na vipakiti vingi havina maandishi yoyote. Humo ndani mnaweza kuwa na vitu visivyofanana kabisa. Kuna sumu za jamii moja na viuatilifu vya mashambani, zinazoshambulia mishipa ya fahamu: mate yanamwagika, mboni za macho zinasinyaa, misuli inachezacheza, haja inatoka yenyewe, pumzi inabana, na yote hayo huanza ndani ya dakika au saa chache. Kuna nyingine zinazozuia damu kuganda. Hizo siku ya kwanza hazionyeshi kitu. Baada ya siku 2 mpaka 5 ndipo mbwa anadhoofu, fizi zinapauka, damu inaanza kutoka puani au kwenye kinyesi, na mwenyewe keshasahau kwamba aliweka dawa stoo. Sumu ya kwanza hutibiwa kwa atropini. Ya pili hutibiwa kwa vitamini K1, tena kwa wiki kadhaa.

Sasa tupige hesabu. Mbwa mlinzi wa kilo 30 aliyekula sumu ya aina ya kwanza, hata ukichukua kipimo cha chini cha miligramu 0.2 za atropini kwa kilo, anahitaji miligramu 6 kwa kuanzia tu. Ampuli ya kawaida ya dawa hiyo ina miligramu 1 au pungufu. Hizo ni ampuli 6 au zaidi, na huenda zikarudiwa, kisha dripu, kisha mtu wa kukaa naye mpaka asubuhi. Daktari anayefika na ampuli mbili kwenye begi amekuja kushuhudia kifo. Anayeweka akiba ya kutosha naye huishia kuzitazama zikiisha muda kabatini, kwa sababu hakuna anayejua mbwa wa sumu ataletwa lini. Mtu huyo anapokuomba hela kabla hajatoka kwake, ulafi uko wapi? Ameomba sehemu ndogo ya gharama ambayo, mbwa akifa, huenda asiipate kamwe.

Lakini ni kwenye sumu hiyohiyo ambapo hoja ya wenye wanyama inakuwa nzito. Dakika zinazopotea kwenye kubishana kuhusu hela ndizo ambazo mwenye mbwa anamharibia mgonjwa. Anamnywesha maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kula, maji ya mkaa wa jikoni. Maziwa hayaui sumu. Mafuta yanaweza kuzisaidia sumu nyingine kuingia mwilini upesi, na mbwa mwenye degedege akilazimishwa kunywa chochote, kinaishia kwenye mapafu. Kwa paka ni hatari zaidi: anapewa Panadol kwa huruma, na kidonge kimoja cha miligramu 500 za paracetamol kinatosha kumuua. Daktari angetamka maneno machache tu kwenye simu, usimnyweshe kitu, tafuta kipakiti, kama dawa imemwagikia manyoya muoshe kwa maji na sabuni huku umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mbwa angekuwa na nafasi. Maneno hayo hayahitaji petroli. Kuyashikilia mpaka ujumbe wa muamala usomeke ni kosa, na hapo mimi sioni pande mbili.

Kuhusu madeni, upande wetu una aibu ya kutosha. Mbwa amepona, simu ya daktari haipokelewi tena. Mbwa amekufa, mwenyewe anauliza alipe nini wakati hakusaidiwa. Dawa ikishachomwa imechomwa. Mtoto wa mbwa mwenye parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika, asipotibiwa, karibu hakika atakufa; akiwekewa dripu kwa siku kadhaa na kuangaliwa vizuri, ana nafasi kubwa ya kupona, lakini hakuna anayeweza kukuahidi. Unalipia nafasi hiyo. Na mara nyingi ni deni la uzembe wetu wenyewe, kwa sababu chanjo inayoanza mbwa akiwa na wiki 6 mpaka 8 na kurudiwa hadi afikishe wiki 16 ingezuia yote hayo.

Kuna pia hizi dharura zinazopikwa nyumbani. Mbwa aliacha kula Jumatatu, akawa na kupe masikioni, Jumatano mkojo ukageuka rangi ya kahawa, na Ijumaa usiku ndipo daktari anapigiwa aje mbio. Homa ya kupe ya Jumatatu ilikuwa kazi ya mchana. Ya Ijumaa, damu imeshaisha mwilini.

Jambo lisilozungumzwa sana ni mwenye mali asiyekuwepo. Nyumba nyingi za Njiro, Sakina, na Shanty Town kule Moshi zinalindwa na mbwa ambao bosi wao yuko Dar es Salaam au nje ya nchi. Mbwa anazidiwa, anayepiga simu ni mlinzi. Hana hela, hana ruhusa ya kuamua, bosi hapokei. Daktari anafika getini akute mbwa wengine watatu wameachiliwa na hakuna wa kuwafunga. Atibu kwa hela ya nani? Akishauri mnyama alazwe usingizi wa kudumu ili asiteseke, nani atakubali? Mlinzi anabaki analia peke yake, na kesho yake atalaumiwa yeye. Ukiondoka na kumwachia mtu mbwa, mwachie pia kiasi fulani mkononi na neno la wazi kwamba daktari akisema jambo, lifanyike.

Halafu kuna hofu ambayo wenye mbwa tunaipuuza. Mate yanayomwagika, kuchanganyikiwa, kushindwa kumeza, vyote vinaweza kuwa sumu, na vyote vinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu hakuna tiba. Daktari anayeingiza mkono kwenye mdomo wa mbwa gizani, akimulikiwa kwa tochi ya simu, anaweka maisha yake rehani. Akiuliza kadi ya chanjo kabla ya kumgusa mbwa, baadhi yetu hununa kama vile tumetukanwa. Ni swali la haki kabisa. Na kama mbwa wa namna hiyo amekwisha kumng'ata mtu wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali saa hiyohiyo. Mbwa asubiri.

Lalamiko ambalo naona madaktari hawajalijibu vizuri ni la ubora. Mtu analipa hela ya usiku, anakuja kijana na begi, anachoma OTC, yaani antibiotiki ya oxytetracycline, na multivitamini, anaondoka. Hakuna jina la dawa lililoandikwa, hakuna risiti, hakuna maelezo. OTC ina kazi yake, hata kwenye baadhi ya homa za kupe inafaa, lakini kwa mbwa wa sumu haifanyi kitu. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari ili anayetoa huduma awe ametambuliwa kwa ngazi yake, daktari kwa nafasi yake na mtaalamu wa ngazi ya diploma kwa nafasi yake. Usiku wa manane anayepatikana mara nyingi ni muuzaji wa duka la dawa za mifugo, na siwezi kumdharau, maana yeye angalau ameamka. Tunachodai ni kuambiwa ukweli: wewe ni nani, umechoma nini, na kipi huwezi kukifanya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo, hata kama haipendezi kwetu, inaweka wajibu wa kumkinga mnyama na maumivu kwa mwenye mnyama, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wapo wenye uwezo wanaosema watampeleka Nairobi. Ni kilomita zipatazo 270 kupitia Namanga, na mpakani kuna vibali na cheti cha chanjo. Kwa upasuaji wa kupangwa, sawa. Kwa mbwa asiye na saa mbili za kuishi, hapana.

Ninachokiona kinawezekana ni zamu. Madaktari wanaotibu mbwa na paka Arusha wagawane siku za wiki, namba ya usiku iwe moja, bei ya kuitwa usiku itangazwe mapema, na akiba ya atropini na vitamini K1 inunuliwe kwa pamoja na kuzunguka na aliye zamu. Wenye mbwa nao wachangie kwa mwaka, wakati wa chanjo, kama watu wanavyochangia vikoba, ili hela ya mafuta iwe imeshalipwa kabla simu haijapigwa. Najua pingamizi la madaktari: kila mmoja anaogopa mteja wake akishaonja huduma ya mwingine hatarudi. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa sababu soko lenyewe ni dogo, na makubaliano ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari wake asubuhi lazima yaandikwe, yasibaki ya mdomo.

Pingamizi zito zaidi ni la mtu wa Unga Limited, au Pasua kule Moshi, mwenye mbwa mmoja anayelala mlangoni na asiye na mchango wa mwaka. Mpango wa wachangiaji unamwacha nje. Kwake naona njia moja ya kuanzia, kampeni za chanjo ya kichaa zinazofanyika kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Namba ya zamu ichapwe nyuma ya kadi anayopewa siku hiyo, na ushauri wa kwenye simu uwe bure kwa yeyote mwenye kadi, kwa sababu kadi inamhakikishia daktari usalama wake, na hilo pia lina thamani.