Huyu E Naye Katokea Wapi?

Jamani, mimi sina ugomvi na aliyetunga sheria ya jinai. Usiibe, usiue, usichome nyumba ya mwenzako: hayo hata mama alinifundisha, tena bila ada. Ugomvi wangu ni na anayetunga mtihani.

Hivi watu wa kwenye maswali ya jinai hawana kazi za kufanya? A anamrushia B jiwe. B anainama, jiwe linampata C, ambaye bahati mbaya ana fuvu jembamba kama ganda la yai. C anakimbizwa hospitali, anapokewa na daktari D aliyelewa chakari. Na hapo hapo E, ambaye hakuna aliyemwita, anapita wodini na kuondoka na viatu vya C akidhani ni vyake. Halafu chini kabisa: "Jadili makosa ya jinai yaliyotendwa, kama yapo." Kama yapo! Watu wameangamizana ukurasa mzima, wewe unaniuliza kama yapo.

Mtu wa kawaida akiona maiti anauliza nani kaua. Sisi wanafunzi wa sheria tunauliza: huyo muuaji alikuwa anawaza nini? Maana tendo peke yake halitoshi, lazima liwe na nia ovu, ile mens rea, na viwili hivyo vikutane kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe hapa sijui ninawaza nini, nitajuaje ya A?

Na mawakili nao hawana haya. Kwenye kesi ya Thabo Meli ya 1954, washtakiwa walimpiga mtu kichwani, wakadhani amekufa, wakamtupa chini kutoka kwenye jabali ili ionekane ajali. Kumbe alikuwa hai, akafia kule chini kwa baridi. Utetezi wao? Tulipompiga tulikuwa na nia, lakini hakufa. Tulipomtupa alikufa, lakini nia hatukuwa nayo, sisi tulijua ni maiti. Nilisoma nikajikuta natikisa kichwa kukubali, saa nane ya usiku. Bahati nzuri majaji walikuwa wamelala vizuri kuliko mimi: wakasema mpango ulikuwa mmoja, msitukatie kosa vipandevipande.

Kuna White wa 1910, aliyemtilia mama yake sumu kwenye kinywaji. Mama akafa kweli, ila kwa moyo, si kwa sumu. Basi mtoto akatiwa hatiani kwa kujaribu tu. Lakini mtu wangu ni Miller. Kalala na sigara inawaka, kaamka, kaona godoro linafuka moshi. Akafanya nini? Akahamia chumba cha pili, akaendelea kulala. Mwaka 1983 majaji wakuu wa Uingereza wakamwambia: moto umeuanzisha wewe, kunyamaza kwako ni kosa. Wenzangu wanamcheka. Mimi wiki hii ya mtihani namwelewa kabisa: mtu alikuwa na usingizi.

Kesi ya wale mabaharia wa 1884 waliomla kijana wao baharini sitaisema. Kila mtu anaipenda mno. Kuna watu darasani kwetu swali likija la wizi wa baiskeli watatafuta pa kuichomeka.

Hao hao ndio wa kikundi cha majadiliano. Yupo mmoja, kila tukikutana anaapa hajafungua daftari. Uliza swali moja sasa: anataja kesi, mwaka, na jaji aliyepinga. Huo ni udanganyifu kwa maneno na kwa mwenendo, na nia ovu inaonekana usoni.

Juzi chaja yangu ikapotea. Nikaikuta chumbani kwa ninayeishi naye, anayesoma uhasibu, wala sheria haimhusu. Nikamsimamia mlangoni: umechukua mali ya mtu bila ridhaa! Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Kwanza nilikuwa na nia ya kurudisha. Pili, niliamini kwa dhati kwamba ningekuomba ungenipa. Wizi uko wapi hapo?"

Kumbe nikibukua kwa sauti ukuta unapitisha. Nikarudi kwenye madaftari yangu kumtafutia kosa. Nimemkosa. Simu imezima, chaja anayo yeye, na mtihani ni kesho saa tatu.