Saruji, chokaa na ukuta unaolia chumvi

Masika yakiingia Mombasa, mafundi wa plasta hawapati usingizi. Rangi imebambuka, chini ya ukuta kumetoka unga mweupe, nguo kabatini zanuka uvundo. Fundi akiitwa, jibu lake huwa lile lile: tubandue hii, tupige saruji yenye dawa ya kuzuia maji, tuzibe. Upande wa pili wako wahifadhi wa Mji wa Kale na wazee wachache wanaoijua chokaa, nao husema kuziba ndiko kunakouua ukuta. Mimi nilikuwa na wazibaji, kwa hiyo nianze na kosa letu wenyewe.

Nyumba ya bibi yangu iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe, unene wa karibu nusu mita, umefungwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Tulipiga saruji kutoka sakafuni hadi kimo cha kiuno. Mwaka wa kwanza ukuta ukawa mkavu, tukajisifu. Masika ya pili, mstari wa maji ukajitokeza juu ya saruji, usawa wa kifua, mahali ambapo hatukuwahi kuona hata doa. Maji hayakuondoka. Yalifungiwa mlango wa chini, yakapanda kutafuta dirisha.

Tumbawe ni jiwe la vitundu. Hunyonya maji ya ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Na ardhi ya kisiwa hiki, ambayo nayo ni matumbawe, imetobolewa visima na mashimo ya vyoo kwa vizazi na vizazi, kwa hiyo si mvua peke yake inayoilowesha. Kwa kawaida maji hupanda kiasi cha mita moja, kisha hukaukia kwenye uso wa ukuta. Chokaa huyapisha. Saruji huyabana.

Lakini maji si adui mkubwa hapa. Adui ni chumvi. Maji yakikauka huiacha nyuma, nayo hugeuka chembe ndani ya vitundu, huvimba na kuisukuma plasta mpaka ikapukutika. Wala kazi yake haiishii hapo. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani. Mombasa hewa huvuka kiwango hicho karibu kila usiku. Ndiyo maana kikopo cha chumvi mezani tunatia punje za mchele, na ndiyo maana ukuta uliokwisha kunywa chumvi hulowa hata mwezi usio na tone la mvua. Fundi aliyechanganya plasta kwa mchanga wa pwani usiooshwa ameutia ukuta ugonjwa huo kwa mkono wake. Kabla ya kubishana chokaa au saruji, ningeuliza kwanza mchanga umetoka wapi.

Hapo watetezi wa chokaa nao wanapaswa kusema kweli yote. Chokaa haiponyi chumvi. Plasta ya chokaa ni kafara: inaila ile chumvi, inaharibika, unaikwangua, unapiga nyingine, na jiwe linasalimika. Kwa nyumba ya ukoo hayo ni mapatano mazuri. Kwa anayepangisha vyumba na mpangaji wake analalamika mgongo wa shati umekuwa mweupe, ni maneno matupu. Chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, hurushiwa maji isikauke upesi, na huchukua wiki nyingi kukomaa. Saruji yapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikiizalisha tangu 1954, kwa hiyo mafundi wa leo wengi wamelelewa nayo, wao na waliowafundisha. Wala hakuna anayeweza kutamani turudie kuchoma matumbawe kwa kuni za mikoko ili kupata chokaa. Chokaa ya mifuko ipo. Kilichoadimika ni mkono wa kuipiga.

Wazibaji wana hoja nyingine nzito kuliko hiyo ya urahisi wa saruji. Marekani, nyumba nyingi husimama juu ya uwazi mfupi ambao mtu huuingia kwa kutambaa. Kwa miongo mingi uwazi huo uliwekewa matundu ya hewa, wakiamini upepo utaukausha. Ikaonekana kuwa wakati wa joto hewa yenye unyevu huingia, hugusa mbao zilizopoa na kugeuka maji, na mbao zikaoza. Sasa wengi hutandika nailoni juu ya udongo na kuziba matundu. Basi upepo si dawa kila mahali. Anayeishi Nyali na kiyoyozi analijua hilo: acha dirisha wazi huku chumba kimepozwa, uone kuvu nyuma ya kabati.

Hata hivyo, tazama walichokiziba. Wameufunika udongo, chanzo chenyewe, hawakuzipaka mbao dawa na kuacha udongo wazi. Nyumba mpya ya Kisauni au Likoni inaweza kufuata njia hiyo kwa gharama ndogo: nailoni nzito chini ya zege la sakafu, na ile dipisi ya mafundi, yaani utando wa kuzuia unyevu usipande ukutani, juu ya msingi, angalau milimita 150 kutoka usawa wa ardhi. Anayebana pesa hapo atazilipa baadaye. Ukuta wa zamani haukuzaliwa na dipisi, na kuutoboa ili kuusukumia dawa ni bahati nasibu, kwa kuwa katikati yake kumejaa vipande vya mawe na mapengo. Dawa haifanyi mstari usiokatika.

Kuna tena boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari. Ncha zake zimezama ukutani. Ukiubana ukuta kwa saruji pande zote mbili, maji yakapanda hadi huko, mkoko huoza ndani kwa ndani bila kukupa ishara. Plasta ikibanduka ni hasara ya shilingi. Dari likishuka, ni watu walio chini yake.

Tuliibandua saruji yetu kiunoni, tukahamisha bomba la paa lililokuwa likimwaga maji pale pale kwenye msingi, na hilo la bomba, nakiri, lilileta nafuu kuliko yote. Kisha tukapiga chokaa. Bado inatoa unga. Kila kaskazi tunafagia na kupaka upya. Mjomba wangu amechoka nayo, chumba chake cha mbele anataka kukitia vigae hadi dirishani. Tumekubaliana angoje masika mengine yapite kwanza.