Mgeni Hana Magamba

Kufundisha makundi matano ya wanyama wenye uti wa mgongo kwa picha ya ukutani ni kazi bure, hasa kama mchwa wameshakula ndege wote na nusu ya mamba. Kwa hiyo asubuhi ile niliingia darasa la tano na zana hai. Kambare wa mto Pangani kwenye beseni, kachura kwenye kopo la rangi, kinyonga kwenye tawi la mpera, na mtetea wa jirani nimemfunga mguu kwa kamba ya katani (Tanga hii, kamba nyingine ya nini?). Mamalia sikuhangaika nao. Walikuwa wamejaa madawatini, wengine wanamung'unya ubuyu.

Mthibiti ubora wa shule naye akachagua siku hiyo hiyo kutushtukiza. Akaingia mzee mnene, tai imembana shingo, kipara kinang'aa. Ilikuwa Februari, bati halina dari, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye fomu zake.

"Shikamoo mgeniii!" darasa likaimba. Akaitikia, akakaa dawati la nyuma.

Nikaandika ubaoni kama kitabu kinavyotaka: mamalia wana nywele, ndege wana manyoya, reptilia wana magamba makavu, samaki wana magamba na mapezi, amfibia wana ngozi laini yenye unyevu. Nikanyanyua beseni.

"Huyu yuko kundi gani?"

Kimya. Halafu binti mmoja, mjukuu wa mvuvi, akasimama. "Mwalimu, umeandika samaki ana magamba. Huyo hana hata moja."

Ni kweli, kambare hana gamba. Tena juu ya matamvua ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana sokoni unamkuta bado anakutazama saa kadhaa baada ya kuvuliwa, na dimbwi likimkaukia hutambaa kwa mapezi ya kifuani kutafuta jingine. Haya yote nilikusudia kuyaeleza hatua kwa hatua. Kambare hakuwa na subira hiyo. Akajirusha, paa! sakafuni, akaanza kujisukuma kuelekea mlangoni.

"Mwalimu, samaki anatembea!"

Hapo hapakuwa na darasa tena. Nusu walipanda madawati, nusu walimfukuza kambare. Kijana aliyeshika tawi la kinyonga aliona halina kazi tena, akalitupa nyuma, na kinyonga akatua kwenye tai ya mgeni.

Sasa mtu mzima wa pwani na kinyonga! Tumekua tukiambiwa ana sumu. Hana, lakini ile haikuwa saa ya kumweleza mtu hayo. Mthibiti alikuwa amesimama juu ya dawati, mikono ameitanua, hapepesi.

"Mwalimu, mtoe. Mtoe taratibu. Mtoe sasa hivi."

Vidole vya kinyonga vimegawanyika makundi mawili, na vikishika vimeshika. Nikawa nabandua mguu mmoja, anashika kwa mwingine. Jicho moja linanitazama mimi, la pili linamtazama mgeni. Katikati ya kazi hiyo kijana mmoja, ambaye muda wote alikuwa ametulia anasoma ubao, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mgeni yuko kundi gani?"

"Mamalia. Kama mimi na wewe."

"Mamalia ana nywele."

Darasa zima likageuka kutazama kichwa cha mgeni.

"Na mamalia hunyonyesha," nikaongeza haraka, nikidhani naokoa jahazi. Wakamtazama kifua.

Kijana akafuata ubao kwa kidole, mstari kwa mstari. "Nywele hana. Manyoya hana. Magamba hana, mapezi hana. Ngozi laini, yenye unyevu..." Akasita kidogo kwa heshima. "Samahani, mgeni. Mgeni ni amfibia."

Darasa likampigia makofi, kama tulivyolizoesha kumpongeza aliyepata.

Nami nitamtetea mtoto huyo popote. Carl Linnaeus, Mswidi aliyewapa wanyama majina yao ya Kilatini, mwaka 1758 alimweka papa kundi moja na chura, akawaita wote amfibia. Kabla ya hapo alimhesabu nyangumi kuwa samaki. Na yeye alikuwa profesa! Wangu ni wa darasa la tano, na alifuata ubao.

Wakati wa makofi mtetea alikwishaikata kamba. Akazunguka chini ya madawati, akakuta kopo limepinduka, akainama mara moja tu.

"Mwalimu! Ndege amemla amfibia!"

Mthibiti akamtazama yule kuku, kisha akakusanya miguu yake vizuri katikati ya dawati.

Kambare alifika jikoni kwa mapezi yake mwenyewe, na mpishi wa uji hataki kuulizwa zaidi. Kinyonga alirudi mperani na kipande cha uzi wa tai. Ripoti ililetwa baadaye ofisini kwa mwalimu mkuu, naye aliisoma mbele ya walimu wote. Ushiriki wa wanafunzi: mzuri sana. Uwezo wa kuainisha wanyama: urudiwe. Na penye zana za kufundishia, kwa kalamu nyekundu: "Zipo za kutosha, ila zinakulana."