Oktoba 3 ya Köln, na Mhindi wetu wa Moshi

Tarehe 3 Oktoba Wajerumani hupumzika kuadhimisha kuungana tena kwa nchi yao mwaka 1990. Siku hiyohiyo, tangu 1997, misikiti hufungua milango kwa yeyote anayetaka kuingia kuona. Safari hii nilikwenda ule mkubwa wa Ehrenfeld, hapa Köln. Mimi Mlutheri wa Old Moshi, nimepanga foleni na bibi vizee wa Kijerumani wanaohangaika na kamba za viatu! Tukapewa chai ya Kituruki kwenye vibilauri, kijana mmoja akajibu maswali kwa subira ambayo mimi sijajaliwa. Mama mmoja akamuuliza atarudi lini kwao. "Kwetu ni Nippes, mama, mtaa wa hapahapa Köln, hapo tu kwa tremu."

Kwetu Moshi siku maalumu ya kuingia kwa Mwislamu ingekuwa kichekesho. Idd ikifika sahani ya pilau inavuka ua yenyewe, Krismasi inarudi na nyama. Kwa dini tumewaacha mbali sana hawa, tena tusione haya kulisema. Februari 2020, pale Hanau, mji wa hapa Ujerumani, mbaguzi mmoja aliwaua kwa risasi watu tisa kwa sababu ya asili zao tu.

Ila kwa rangi, ndugu zangu, tusijipigie makofi mapema.

Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa kuleta vibarua kutoka Uturuki. Walipozaa huku, watoto wao hawakuwa Wajerumani. Uraia ulifuata damu, na hadi mwaka 2000 ndipo kuzaliwa hapa kulipoanza kumpa mtoto wa wageni uraia, tena kwa masharti. Sasa angalia kwetu: Oktoba hiyohiyo ya 1961, bungeni Dar es Salaam, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uende kwa rangi. Nyerere akawaka. Akasema serikali yake iko radhi kujiuzulu kuliko kukubali hilo. Amir Jamal, mwenye asili ya India, na Derek Bryceson, Mzungu, wakakaa baraza la mawaziri kama wenzao. Kwa sheria tuliwatangulia Wajerumani karibu miaka arobaini.

Mtaani je? Kuna mzee ana duka la vipuri si mbali na mnara wa saa. Babu yake ndiye aliyekuja. Yeye kazaliwa Moshi, kasoma Moshi, na Kichagga chake cha Kibosho kinawashinda watoto wetu waliokulia Dar. Bado anaitwa "yule Mhindi". Bei ya beringi ikipanda anaambiwa arudi Bombay, mji ambao hajawahi hata kuutembelea. Watu haohao, mtoto wao akiulizwa Köln atarudi lini kwao, wanaandika aya tatu za hasira kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nami namo.

Najua hoja iliyopo: Wahindi nao wanajitenga, hawatuozi binti zao. Kweli wapo. Hata Wachagga wapo wanaomkataa mkwe kwa kuwa ni wa ng'ambo ya mto, na hakuna aliyewahi kuwanyang'anya u-Tanzania kwa hilo.

Mwaka jana mtoto wa yule mzee alitaka kugombea uenyekiti wa mtaa, akashauriwa "awaachie wenyeji". Katiba haisemi hivyo. Waliomshauri ni rafiki zangu, na Desemba nikija likizo tutabishana nao hapo Mbuyuni. Atakayeshindwa atalipa supu.