Guanajuato: Waliofukuliwa kwa Deni la Kaburi

Guanajuato, mji wa migodi ya fedha katikati ya Meksiko, una makumbusho moja ambayo mgeni hupelekwa hata kama hakuomba. Ndani yake wamo maiti zaidi ya 100, wengine wamesimamishwa, wengine wamelazwa, wote nyuma ya vioo. Hawakupakwa dawa, wala hawakuwa wafalme. Ni wakazi wa kawaida wa mji huohuo, waliozikwa kuanzia karne ya 19, wakakauka kaburini bila mtu yeyote kukusudia, kisha wakafukuliwa kwa kuwa hakupatikana wa kuwalipia ada ya kaburi. Swali la kama inafaa kuendelea kuwaonyesha ni la siku nyingi. Zamani lilikuwa la watalii wachache waliotoka mle wakiwa wamekereka. Sasa limekuwa ugomvi wa serikali kwa serikali.

Machi 2023 baadhi ya maiti hao walipelekwa kwenye maonyesho ya utalii jijini Mexico City. Wataalamu wa INAH, taasisi ya taifa ya anthropolojia na historia, wakasema mmoja wao anaonekana ameota ukungu, na wakahoji usalama wa wanaomsogelea kumtazama. Mei 2024 taasisi hiyohiyo ikalalamika kwamba wakati wa ukarabati wa makumbusho maiti mmoja amevunjika mkono, na kwamba kazi ya kuwahamisha haikufuata taratibu za kitaalamu. Upande wa pili imesimama manispaa ya Guanajuato, yenye makumbusho na yenye mapato yake.

Kwanza mji wenyewe, kwa sababu hadithi hii isingetokea popote pengine. Guanajuato uko kwenye bonde jembamba, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nyumba zimepandana mlimani, na magari mengi hupita chini ya ardhi, humo mlimopita mto kabla haujageuzwa njia kwa sababu ya mafuriko. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988 pamoja na migodi inayouzunguka. Mwishoni mwa karne ya 18 mgodi wa Valenciana ulikuwa miongoni mwa migodi iliyotoa fedha nyingi kuliko yote duniani. Fedha ya Meksiko ilifuliwa sarafu zilizozunguka bahari zote hadi Unguja, ambako watu wa pwani waliziita reale ya mzinga, kwa zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake, walizoziona kama mizinga ya vita. Juu ya kilima, karibu na mgodi, bado lipo kanisa la San Cayetano lililokamilika mwaka 1788, altare zake zikiwaka dhahabu. Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri wa Kijerumani, alipita hapo mwaka 1803 na kuandika juu ya wapagazi wa mgodini, waliopandisha mawe kwa migongo yao kwenye ngazi zisizokwisha. Dhahabu ile na migongo ile ni habari moja, na anayetaka kuwaelewa maiti wa Guanajuato aanzie hapo.

Makaburi ya Santa Paula yalifunguliwa mwaka 1861. Humo watu hawakuzikwa ardhini tu. Wengi waliingizwa kwenye vijumba vya ukutani, safu juu ya safu, vikazibwa. Hewa ya milimani ni kavu, kuta zilinyonya unyevu, na baadhi ya miili ikakauka kabla ya kuoza. Wakuu wa mji walikuwa wameweka ada: ukitaka ndugu yako akae pale daima, lipa, usipolipa, muda ukifika anatolewa ili nafasi apewe mwingine. Juni 1865 wachimba kaburi walimtoa daktari mmoja wa Kifaransa, Remigio Leroy, ambaye hakuwa na ndugu mjini. Walitegemea mifupa, wakakuta mtu mzima mwenye nguo zake. Waliofuata wakihifadhika hivyo waliwekwa kwenye chumba cha chini pamoja na mifupa ya wengine, na haikuchukua muda watu wakaanza kutoa pesa ili washuke kuchungulia. Ada ile ilidumu hadi mwaka 1958.

Waongoza watalii wana toleo lao, na wengi hulisimulia kwa raha zaidi. Watakuambia maiti hawa ni wa kipindupindu cha mwaka 1833, waliozikwa harakaharaka, wengine wangali hai. Tarehe hazikubali: makaburi yenyewe yalikuwa hayajafunguliwa. Mwanamke aitwaye Ignacia Aguilar husimuliwa kila siku kwamba alizikwa akiwa amezirai na akazinduka ndani ya jeneza, ushahidi ukiwa mikono yake iliyojikunja usoni. Huenda. Lakini mwili ukikauka hujikunja wenyewe, na kinywa kilicho wazi si lazima kiwe kilipiga kelele. Hili naliweka mbele kwa makusudi, maana nusu ya ubaya wa makumbusho hayo, kwa maoni yangu, haumo katika vioo bali katika maneno yanayosemwa mbele yake.

Wanaotetea makumbusho wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyotaka kukiri. Ya kwanza ni riziki. Migodi haiulishi tena mji kama zamani, na kiingilio cha makumbusho hayo kimekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya manispaa. Nje wapo wauzaji wa charamusca, pipi za sukari zilizosokotwa kwa umbo la maiti, wapo wenye mikahawa, wapo madereva. Mtu wa mbali akisema fungeni, anazungumza na mifuko ya watu ambao hawajui.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi: hawa wamebaki kwa sababu walionyeshwa. Wenzao waliotolewa kaburini wakiwa mifupa walimwagwa kwenye shimo la pamoja na hakuna anayewataja. Udaku wa karne ya 19, pamoja na ubaya wake, ndio uliowaokoa hawa wasipotee. Na mapafu, meno na viungo vya watu wa mji wa migodi vinaweza kueleza walivyokula, walivyougua na walivyofanya kazi, mambo ambayo daftari la ubatizo halina.

Halafu inakuja hoja inayorudiwa kuliko zote, kwamba Wameksiko hawaogopi kifo. Wana Siku ya Wafu, wana mafuvu ya sukari, wanacheka na mauti, kwa hiyo mgeni asiwaletee aibu zake. Hii naiona dhaifu, na inashangaza inavyokubalika upesi. Katika Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2, familia hupanga meza yenye picha ya marehemu wao, maua ya manjano, chakula alichokipenda, hata sigara au kinywaji chake. Marehemu anaitwa kwa jina na anakaribishwa nyumbani. Kwenye makumbusho hakuna jina isipokuwa kwa wachache, hakuna nyumba, na wanaokuja si jamaa. Anayetaka kutetea kabati la kioo kwa desturi ile ananyang'anya desturi kitu chake cha msingi.

Wapinzani wanaanza na ridhaa. Hakuna hata mmoja kati ya maiti hawa aliyekubali. Waislamu na Wakristo wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa hili kwa vitabu vya maadili: maiti husitiriwa. Anaoshwa, anafunikwa, anaharakishwa. Katika makumbusho ya Guanajuato baadhi wako uchi, wamebaki na soksi au viatu tu. Ningependa kusema kwamba hayo ni macho yangu ya kigeni, lakini wazazi wa watoto wale waliopo humo walikuwa na macho yaleyale. Baadhi ya watoto wamo katika mavazi ya watakatifu waliyovalishwa siku ya maziko, kwa imani kwamba mtoto mbatizwa anayekufa ni malaika. Mama aliyeshona vazi lile hakulishona kwa ajili ya watalii. Na kipo kijusi kinachotangazwa kuwa maiti mkavu mdogo kuliko wote duniani. Neno la sifa kama hilo likitumika kwa kijusi, mimi sina la kulitetea.

Lakini ridhaa peke yake haitoshi kuamua, na hapa Mtanzania ana mfano wake. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898 akiwakimbia Wajerumani, lilirudishwa mwaka 1954 na leo liko Kalenga, Iringa, ndani ya kioo, wageni wanaliona. Mkwawa naye hakuulizwa. Hata hivyo sijasikia mtu mwenye akili timamu akisema Kalenga ni mahali pa kumdhalilisha. Tofauti ni kwamba fuvu lile liko kwa watu wake, jina lake linajulikana, na kinachosimuliwa mbele yake ni alichofanya na alichofanyiwa. Kwa hiyo kioo si kosa kwa asili yake. Cha kuangalia ni nani ameweka, kwa mamlaka ya nani, na anasema nini.

Meksiko yenyewe imeshawahi kulijibu swali hili, tena kwa sauti. Julia Pastrana, mwanamke wa jimbo la Sinaloa aliyeota nywele mwili mzima, alizungushwa Ulaya na kuonyeshwa kwa pesa. Alipofariki mjini Moscow mwaka 1860 mwili wake ukakaushwa, ukaendelea kuonyeshwa, na mwishoni ukabaki Oslo. Gavana wa Sinaloa akaungana na wasanii na wanasayansi kuudai, na Februari 2013 akazikwa kwao, jeneza lake likiwa na maua meupe. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba Wameksiko hucheka na mauti. Walisema mtu haonyeshwi kama mnyama.

Na katika Guanajuato hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka makaburini, limesimama jengo la Alhóndiga de Granaditas, ghala la nafaka ambalo waasi wa padri Miguel Hidalgo waliliteka Septemba 28, 1810, mwanzoni mwa vita vya uhuru. Hidalgo na wenzake Allende, Aldama na Jiménez walipouawa mwaka uliofuata, Wahispania walitundika vichwa vyao kwenye pembe nne za jengo hilo, na vikakaa hapo hadi mwaka 1821. Uhuru ulipopatikana vilishushwa. Tangu mwaka 1925 mifupa ya mashujaa hao imewekwa ndani ya Nguzo ya Uhuru jijini Mexico City, na ilipotolewa mwaka 2010 ili ichunguzwe, ilibebwa na wanajeshi kwa heshima zote. Mji mmoja, miili ya aina mbili. Iliyoonyeshwa na mkoloni ili kuwatisha watu ilishushwa na kuenziwa. Iliyoonyeshwa na serikali ya nyumbani kwa sababu ya deni bado iko pale, na mwaka 2009 baadhi ilisafirishwa hadi Marekani kwa maonyesho yaliyoanzia Detroit.

Kwa mizani yangu, basi, makumbusho yasifungwe kesho. Kuwazika wote kwa mkupuo mmoja bila majina kungekuwa kurudia shimo la pamoja, safari hii kwa nia njema. Watafiti wa INAH wamekuwa wakipekua kumbukumbu za vifo na za kanisa ili kuwatambua, na kazi hiyo ndiyo inayostahili sehemu ya kwanza ya kiingilio, kabla ya taa mpya na rangi mpya za ukutani. Akipatikana jina, watafutwe jamaa, na jamaa waamue kama anabaki au anazikwa. Santa Paula bado ni makaburi, nafasi haitakosekana. Safari za maonyesho zikome sasa. Hilo halihitaji utafiti, maana hata asiyejali heshima ya maiti anaweza kuona ukungu na mkono uliovunjika. Na watoto watolewe ukumbini wasubiri mahali pa faragha, wote, pamoja na kile kijusi.

Ninakubali kwamba bila watoto na bila vitisho vya waongoza watalii mapato yanaweza kupungua. Manispaa haiwezi kupuuza hilo, na INAH haina haki ya kudai usimamizi bila kusema nani atafidia pengo. Hapa taasisi ya taifa imekuwa hodari wa kulaumu kuliko kutoa fungu. Lakini mji wenye Valenciana, wenye Alhóndiga, wenye nyumba alimozaliwa mchoraji Diego Rivera mwaka 1886, na wenye tamasha la sanaa la Cervantino linalojaza mitaa kila Oktoba tangu mwaka 1972, hauwezi kudai kwamba hauna kingine cha kumwonyesha mgeni.

Anayekwenda ataamua mwenyewe kama ataingia. Ningemshauri aanzie Valenciana, ashuke Alhóndiga, kisha apite kwenye makaburi ya Santa Paula akaone vile vijumba vya ukutani vilivyo bado na majina na maua ya plastiki. Akitaka kuingia makumbusho baada ya hapo, aache kamera mfukoni na amuulize anayemwongoza nani kati ya hawa ametambuliwa, na ni nani anayelipia kuwatafuta waliobaki. Wakiuliza wageni wengi, manispaa italazimika kuwa na jibu.