Mwaka Mzima wa "Itaendelea"

Kila mwaka ukielekea ukingoni, sisi tunaoandika hadithi mtandaoni huanika hesabu zetu: sura ngapi, maneno mangapi, wasomaji wapya wangapi. Ninazo zangu, wala si mbaya, ila sitazianika. Lililonikaa kichwani mwaka huu ni jingine. Mimi ni mwandishi wa ridhaa. Silipwi, sina mhariri anayenidai kazi, sina mkataba na mtu. Hata hivyo mwaka mzima nimeandika kama kibarua anayepimiwa kazi kwa wiki, na nikiwatazama wenzangu naona wengi wetu tumo katika mkumbo huohuo.

Nianze na taharuki. Hadithi ya mfululizo inaishi kwa mwisho wa sura. Ukiifunga sura mhusika wako akiwa amelala salama, msomaji naye analala, na wiki ijayo huenda asikumbuke kurudi. Ukiifunga mlango ukigongwa, atarudi. Hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Hadithi yangu ndefu ya mwaka huu inamhusu Rehema, binti aliyerithi nyumba ya shangazi yake na kukuta chumba kimoja kimefungwa kwa kufuli. Sura ya tatu inaishia hivi: "Rehema akasikia kitasa cha mlango kikizungushwa taratibu. Naye alikuwa peke yake ndani ya nyumba. Itaendelea." Wasomaji wakachachamaa. "Mwandishi, umetuacha njia panda!" "Shusha muendelezo bwana, usitufanyie hivyo." Utamu wa jumbe za namna hiyo anaujua aliyewahi kuzipokea.

Baadaye nikaisoma yote kwa mkupuo, kama atakavyoisoma mgeni atakayeikuta imekamilika. Sura ya tatu, kitasa kinazungushwa. Ya nne inafunguka kwa maelezo: ni jirani aliyeachiwa ufunguo na marehemu. Ya tano inaishia kwa simu kuita usiku wa manane, namba ngeni. Ya sita, aliyepiga alikosea namba. Ya saba, kivuli dirishani. Ya nane, kivuli ni cha mti. Yaani kila sura inatumia kurasa zake za mwanzo kuzima moto uliowashwa wiki iliyotangulia, kisha inahangaika kutafuta kiberiti kingine. Kwa aliyesubiri siku saba kati ya sura na sura, mambo yanakwenda. Kwa anayesoma mfululizo ni makelele tu, na akifika kwenye kivuli hashtuki tena. Na kile chumba chenye kufuli, ambacho ndicho hadithi yenyewe? Hakiguswi sura kibao, kwa sababu kila wiki palikuwa na kitasa cha kushughulikia.

Huu si ugonjwa ulioletwa na intaneti. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alianza kutoa riwaya kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1836, na wasomaji wake walikuwa na sauti ileile. Mwaka 1843 mauzo ya riwaya aliyokuwa akiitoa yalilegea. Akampandisha mhusika wake melini, akampeleka Marekani hadithi ikiwa katikati, akitumaini wanunuzi watarejea. Walirejea kidogo tu. Simlaumu hata chembe. Alikuwa na watoto wadogo nyumbani na wachapishaji waliokuwa wakimkumbusha kifungu cha mkataba kilichowaruhusu kumpunguzia malipo. Mauzo yakishuka, mfuko ulitikisika kweli. Mimi idadi ya wasomaji ikishuka wiki hii, kinachotikisika ni nini? Kesho naamka, naenda kwenye kazi inayonilisha, na hakuna hata mtu mmoja pale anayejua kama Rehema amefungua mlango au la.

Hapo ndipo ninapoona kichekesho. Mwandishi wa ridhaa ndiye pekee asiyelazimika kumtii msomaji wa wiki hii. Uhuru huo waandishi wa kulipwa wanautamani. Sisi tunao, halafu tunaugawa bure.

Takwimu tunazozitii zenyewe hazisemi tunachodhani zinasema. Sura ya kwanza ya hadithi ndefu ndiyo husomwa na wengi, maana watu huingia kuonja. Kwenye ya pili idadi huporomoka, tena vibaya, na mwandishi mgeni hudhani ameboronga. Hajaboronga, walioondoka hawakuwa wake tangu mwanzo. Kuanzia hapo mteremko hupoa, na cha kutazama ni waliofika sura ya kumi: wangapi kati yao wamefika ya ishirini? Ile jumla kubwa inayong'aa juu ya hadithi inamhesabu kwa pamoja aliyeifungua kwa bahati mbaya, aliyerudi mara tatu kwa sababu simu ilizima, na aliyekesha nayo. Kubadilisha hadithi kwa sababu ya namba ile ni sawa na kumpeleka mtu Marekani bila sababu.

Mwaka huu niliandika pia hadithi fupi ya fundi saa anayepoteza uwezo wa kuona na kumficha mwanafunzi wake jambo hilo. Sura moja, hakuna mlango unaogongwa. Walioisoma ni wachache mno wakilinganishwa na wa Rehema. Ila walioniandikia hawakuniandikia "muendelezo". Waligombana. Mmoja alishikilia kwamba fundi alikuwa na haki ya kukaa na siri yake mpaka saa ya mwisho itoke mkononi mwake; mwingine akasema huo ni ubinafsi, kwani kijana alikuwa akijifunza makosa bila kujua ni makosa. Nilisoma mabishano yao nikiwa nimekodoa macho. Kwenye Rehema, pamoja na makelele yote yale, hakuna aliyewahi kubishana kuhusu Rehema. Walitaka tu kujua nani yuko mlangoni.

Kuna mbio nyingine, za wingi wa maneno. Changamoto ya NaNoWriMo, iliyoanzia Marekani mwaka 1999, iliwazoesha watu wengi duniani kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, kama 1,667 hivi kwa siku. Mwaka 2025 shirika lililokuwa likiiendesha lilitangaza kufunga shughuli zake. Wapo waliosikitika, wapo waliosema afadhali. Mimi kitu kimoja nilikipenda katika wazo lile la asili: lilimruhusu mtu aandike ovyo, chumbani mwake, mpaka mwisho, ndipo afikirie kumwonyesha mtu. Hicho cha chumbani tumekitupa. Tumebaki na mbio peke yake, tena hadharani.

Yako mengine ya mwaka huu. Hadithi kunakiliwa na kubandikwa kwingine kwa jina la mtu mwingine: inaudhi, na sijaona dawa. Wasomaji kuuliza kama sura fulani imeandikwa na mashine: hilo linanichekesha, maana sijawahi kusikia mashine iliyochelewesha sura wiki mbili kwa sababu ya mafua.

Mwandishi mwenzangu ninayemheshimu hakubaliani nami. Anasema bila wasomaji kumsukuma kila wiki asingemaliza chochote. Zile "tunasubiri" ndizo zinazomketisha mezani akirudi amechoka. Namwelewa, na kwake huenda ni kweli. Ila nikitazama zilivyojaa hadithi zilizokatika sura ya kumi na tatu, mwandishi akaomba radhi kisha akapotea, naona msukumo ule ni mzuri wa kumalizisha sura. Kumalizisha hadithi ni kazi nyingine. Ukishaweka hadharani sura kumi na tatu, huwezi kurudi kwenye ya pili kumwondoa jirani mwenye ufunguo. Ameshajulikana, na wengine wameshampenda. Kosa dogo la mwanzo unalibeba mpaka linakuwa zito kuliko hamu yako ya kuandika. Nadhani hapo ndipo hadithi nyingi hufia, na si kwa uvivu kama tunavyosemana.

Kwa hiyo hadithi yangu ijayo imo kwenye faili, na sura ya kwanza haitatoka mpaka ya mwisho iwe imeandikwa. Nitakapoanza kuitoa nitaitoa kwa wiki kama zamani, kwa sababu kusubiri kwa pamoja kuna raha yake na sina ugomvi na raha. Tofauti ni kwamba nitakata sura pale hadithi inapopumua yenyewe, hata ikiwa ni mahali ambapo mtu amelala salama. Mwenzangu anasema bila kelele za wasomaji nitachoka kabla ya sura ya nane. Inawezekana. Ikiwa hivyo, safari hii hakuna msomaji atakayekuwa ameachwa njia panda.