Barua pepe ni ya anayeiandika au ya anayeisoma?

Outlook, Thunderbird na Apple Mail zote zina mahali pa kuchagua umbizo la ujumbe. Unaweza kuandika kwa HTML, yenye rangi, picha, majedwali na viungo, au kwa maandishi matupu, ambayo ni herufi na nafasi tu. Wengi hawajawahi kugusa chaguo hilo. Anayeligusa huambiwa anarudi enzi za skrini nyeusi. Hukumu hiyo naiona si ya haki, ingawa wanaoitoa wana hoja zao.

Hoja ya kwanza ni nzito. Kuna mambo ambayo maandishi matupu hayawezi kuyabeba: picha inayopaswa kukaa katikati ya maelezo, au jedwali la hesabu lenye safu sita. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa katika HTML iliyoandikwa vizuri, lakini jedwali lililopangwa kwa kubonyeza nafasi humfikia likiwa rundo la maneno. Tena kugeuza umbizo kuna gharama yake. Ukibadili ujumbe wa HTML kuwa matupu kisha ukachagua HTML tena kwenye menyu, rangi na jedwali havirudi.

Lakini swali ambalo wakosoaji hawaliulizi ni hili: nani anaamua barua ionekaneje? Katika HTML, mwandishi ndiye anayechagua ukubwa wa herufi na rangi yake. Mwenye macho dhaifu hupokea herufi ndogo za kijivu, na anayetumia mandhari meusi huletewa maneno meusi juu ya weusi. Katika maandishi matupu, programu ya msomaji hufuata mipangilio aliyoiweka yeye mwenyewe.

Halafu kuna viungo, na hapa ndipo ninapokwama kila ninapoambiwa kwamba tofauti ni ya urembo tu. HTML huruhusu maneno yaseme hili na anwani iliyo chini yake iwe nyingine kabisa. Maandishi yanaweza kusomeka kama anwani kamili ya benki yako, huku kubofya kukikupeleka kwa tapeli. Najua jibu lake: weka kipanya juu ya kiungo, anwani halisi itaonekana. Ni kweli, ila ulinzi huo unamtaka mtu akumbuke kila mara, katika kila barua, hata siku aliyochoka na ana haraka. Ukisoma kwa maandishi matupu, anwani huandikwa waziwazi pembeni ya maneno, bila wewe kuitafuta. Haipendezi, hasa ikiwa na mistari mitatu ya herufi na tarakimu, wala haimzuii tapeli aliyesajili jina linalofanana na la kweli. Hata hivyo mlango mmoja mpana umefungwa.

Picha nazo zina yake. Picha ya pikseli moja, isiyoonekana kwa macho, ikipakuliwa kutoka seva ya mtumaji humjulisha kwamba umefungua barua, na saa ngapi. Programu nyingi sasa huzuia picha za mbali, jambo jema, lakini ujumbe ukionyeshwa kwa maandishi matupu hakuna picha ya kupakua hata kidogo. Mwaka 2018 watafiti walitangaza udhaifu ulioitwa EFAIL. Mshambuliaji aliyekuwa na barua ya zamani iliyofichwa kwa usimbaji aliweza kuirekebisha na kuituma tena, programu ya mpokeaji ikaifungua, kisha amri ya HTML ya kuleta picha ikayatoa nje maneno yaliyokuwa siri. Ushauri mmoja wa haraka uliotolewa ulikuwa kuzima HTML.

Wengine husema mzozo huu ulikwisha 1992, kiwango cha muundo wa barua pepe kiitwacho MIME kilipoanza kuruhusu ujumbe mmoja ubebe matoleo mawili, la HTML na la maandishi matupu, programu ichague moja. Mpango mzuri. Ila watumaji wengi wa matangazo huliacha toleo tupu likiwa na sentensi moja tu, kwamba programu yako haiwezi kuonyesha ujumbe huu. Kosa hilo si la maandishi matupu.

Kinachosahaulika ni kwamba kusoma na kuandika ni maamuzi mawili tofauti. Thunderbird, kwenye menyu ya mwonekano, hukuruhusu kuona ujumbe kama HTML asilia, HTML rahisi au maandishi matupu, bila kugusa umbizo unaloandikia. Outlook ya zamani ya Windows (classic) nayo ina chaguo la kusoma barua zote kwa maandishi matupu ndani ya mipangilio ya usalama. Kwa hiyo mimi husoma matupu, na barua yenye jedwali la maana huifungulia HTML hiyo peke yake. Nikiandika pia huanza na matupu. Siku ninayohitaji jedwali, katika Thunderbird hushikilia Shift ninapobofya kitufe cha kuandika, dirisha likafunguka kwa umbizo la pili.

Umbizo la tatu la Outlook hiyo, Rich Text, naliacha kabisa kwa barua zinazotoka nje, kwani anayetumia programu nyingine anaweza kupokea faili la winmail.dat asilojua alifungue vipi.

Outlook yenyewe, isipobadilishwa, hujibu kwa umbizo lilelile ujumbe ulilokuja nalo. Barua ikifika tupu, jibu nalo huwa tupu, mpaka mtu aamue kulibadili. Mpangilio huo nauacha kama ulivyo, kwa sababu aliyeniandikia amekwisha kunionyesha jinsi anavyopenda kusoma.